Kabla Kibarua cha Redio Hakijaota Nyasi

Mtangazaji wa redio jijini Nairobi huishi na barua mbili akilini. Ya kwanza ni ile iliyomwajiri, ambayo siku hizi aghalabu ni ya mkataba wa muda mfupi. Ya pili haijaandikwa, lakini maneno yake keshayahifadhi: kampuni inasikitika kumjulisha kwamba, kutokana na hali ya uchumi, nafasi yake haipo tena. Watani husema kibarua kimeota nyasi, nao husema hivyo kwa kicheko kwa sababu kicheko hakilipiwi kodi ya nyumba.

Safu hii leo haikusudii kulia pamoja na wanaoachishwa kazi, japo kilio chao ni cha haki. Inataka kuuliza swali moja tu. Mtu akijua kwamba yamesalia majuma machache kabla ya mlango wa studio kufungwa, ayatumieje? Jawabu letu ni kwamba atoke nje. Achukue kinasa sauti cha kampuni maadamu bado kimo mkononi mwake, apande matatu ya nambari 46 hadi Kawangware, au apitie soko la Toi ateremke Kibera kwa miguu, akaifanye ile kazi ambayo kwa miaka yote alisema hana nafasi ya kuifanya.

Tishio tunalolizungumzia si la kubuni. Mwaka 1996 Capital FM ilianza kurusha matangazo na ukiritimba wa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, ukaanza kuvunjika. Tangu hapo idhaa zimechipuka Nairobi kama uyoga wakati wa masika, na nyingine zimekauka kama uyoga huo huo. Katikati ya mwaka 2016 kampuni ya Nation Media Group ilizifunga Nation FM na QFM za hapa Nairobi, pamoja na KFM ya Kigali. QFM ilikuwa ya Kiswahili, na ilipozimwa, wapo vijana waliokuwa wamezoea kusimamishwa barabarani kwa ajili ya sauti zao ambao kesho yake hakuna aliyewauliza hali. Mwaka 2020, ulipozuka ugonjwa wa korona, kampuni kadhaa za habari zilikata mishahara na kupunguza watu. Ajabu ni kwamba huo ndio mwaka ambao wanafunzi waliihitaji redio kuliko wakati mwingine wowote. Shule zilifungwa mwezi wa Machi, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ikapeleka masomo hewani kupitia KBC, na mtoto wa Gatwekera asiyekuwa na kompyuta wala simu ya maana akawa anategemea redio ya jirani. Halafu, mnamo Machi 2025, amri kutoka Washington iliwaweka wafanyakazi wa Sauti ya Amerika likizoni kwa mkupuo mmoja, na matangazo yao ya Kiswahili, yaliyozoeleka Afrika Mashariki kwa miongo mingi, yakanyamaza. Anayedhani kwamba ukubwa wa mwajiri ni ngao na aitazame hiyo.

Kabla ya kwenda mbali, yafaa kila mfanyakazi ajue anachostahili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa leba ikiwa mhusika ni mwanachama, au kwa mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi, na kwa afisa wa leba, ikiwa si mwanachama. Inamtaka alipe siku za likizo zilizosalia, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimizwa. Kifungu cha 51 kinampa mfanyakazi haki ya cheti cha utumishi chenye tarehe aliyoanza kazi, aina ya kazi yenyewe na tarehe aliyoiacha. Mwajiri halazimiki kumwandikia sifa, lakini cheti sharti kitoke. Wengi huondoka bila hicho cheti, wakidhani kukiomba ni kujidhalilisha.

Notisi hiyo ya mwezi mmoja ndiyo shabaha ya maneno yetu. Katika ofisi nyingi hupotelea koridoni. Watu hukusanyana kwenye ngazi wakinong'ona juu ya nani atabaki na nani ataondoka, nani ni mpwa wa meneja, nani alionekana akila chamcha na mkurugenzi. Kipindi huendeshwa kwa nyimbo na simu za salamu. Studio yenye mitambo ya mamilioni ya shilingi hubaki wazi usiku kucha bila mtu wa kuitumia, ilhali mwezi ukiisha mtu huyo huyo atakuwa akitafuta wa kumwazima kipaza sauti arekodi tangazo la harusi.

Mbona Kibera na Kawangware, na si mahali pengine? Kwanza kwa sababu ni karibu. Si safari ya kuomba marupurupu kwa mhasibu. Pili, ni mitaa ambayo redio inaitaja sana na kuisikiliza kidogo. Kibera huingia kwenye taarifa ya habari wakati wa uchaguzi, moto unapoteketeza nyumba, au mgeni mashuhuri anapokuja kupigwa picha. Kawangware ilitajwa mno mwishoni mwa Oktoba 2017, vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26, kisha ikasahauliwa. Ni nani aliyerudi pale mwezi mmoja baadaye kuuliza jinsi wenye vibanda walivyoanza tena biashara, na kama jirani aliyekimbia alirejea chumbani mwake?

Tuchukue mfano mmoja unaoonyesha gharama ya kutokwenda. Kwa miaka mingi watangazaji, wa hapa na wa ng'ambo, walirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja. Wengine walisema zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu, ilipata watu 170,070. Wapo waliobishana na hesabu hiyo, na si dhambi kubishana na sensa, lakini tofauti baina ya laki moja na sabini na milioni nzima haiwezi kuwa ya kupitiwa na usingizi. Ilizaliwa na mazoea ya kunakili. Mtu aliyewahi kutembea kutoka Makina hadi Laini Saba, akapita Lindi na Silanga, akakatiza reli na kurudi kupitia Kisumu Ndogo, angalau angekuwa na sababu ya kuuliza mara mbili kabla ya kuisoma hiyo milioni hewani.

Hata jina lenyewe lina somo. Kibra, katika lugha ya Wanubi, ni msitu. Wanubi ni wazawa wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, wakapewa ardhi hiyo waishi, na kwa muda wa karne nzima wakahesabiwa kama wapangaji wasio na hati. Mwezi wa Juni 2017 ndipo walipokabidhiwa hatimiliki ya jamii ya ekari 288. Wazee walioyaona mengi ya mambo hayo wanazidi kupungua. Mtangazaji aliyebakiza siku 30 za kazi na anayejua kuketi mkekani na kunyamaza anaweza kuzirekodi saa kumi za kumbukumbu zao. Akishindwa kuzitangaza zote, atakuwa amepata ujuzi ambao hakuna meneja atakayemnyang'anya langoni, ujuzi wa kumwacha mtu aseme.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya msemaji na mwanahabari wa redio, na wanafunzi wanaoota kusomea utangazaji wanafaa kuielewa mapema. Sauti nzuri ni kipawa, kama urefu. Kusikiliza ni kazi. Mtangazaji anayejua kazi yake atarekodi kwanza kimya cha chumba kabla ya kuuliza swali, ili baadaye apate cha kuunganishia vipande. Atamwuliza mhojiwa jina lake lintamkwavyo hasa, wala hatalikisia. Atasogeza kinasa sauti karibu na mdomo badala ya kupaza sauti yake mwenyewe. Atanasa mlio wa treni inayopita katikati ya nyumba za Kibera, na atajua kuuacha usikike sekunde tano pasipo kuubandikia muziki. Kule Kawangware atadamka alfajiri awafuate wanawake wanaotembea kwenda Lavington kufua na kusafisha nyumba za watu, atembee nao hadi kwenye lango la tajiri, na asikie mazungumzo yanavyobadilika kadiri barabara inavyozidi kuwa pana na miti kuwa mingi. Umbali wenyewe ni mfupi sana. Hapana ripoti ya wataalamu itakayoueleza vyema kuliko dakika nne za sauti zilizokatwa na mtu mwenye sikio.

Na kama anatafuta walimu wa kazi hiyo, wapo huko huko mitaani. Pamoja FM ilianzishwa Kibera mwaka 2007, miezi michache kabla ya nchi kuingia katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Wakati baadhi ya idhaa kubwa za lugha za mama zilipokuwa zikilaumiwa kwa kuchochea, mpaka Tume ya Waki ikazitaja, kituo hicho kidogo kilijulikana kwa kuwasihi vijana wa Kibera waache kuchomeana nyumba. Koch FM ya Korogocho ilitangulia mwaka 2006, na studio yake ikawa ndani ya kontena. Ghetto FM iko Pumwani, na upande wa Dagoretti kuna Mtaani Radio. Vituo hivi vya kijamii vimegawana masafa yale yale ya 99.9, kila kimoja kwa nguvu ndogo isiyovuka mtaa wake. Sheria haiviruhusu kuwa vya faida. Wengi wanaovitumikia ni vijana wa kujitolea, ambao hula kwa kazi nyingine na kutangaza kwa mapenzi. Misaada ya wafadhili nayo haitabiriki, kama walivyoshuhudia wengi waliotegemea fedha za Marekani, zilizosimamishwa mnamo Januari 2025.

Ajabu ni kwamba kijana wa kituo kama hicho aghalabu hujua mengi kuliko nyota wa mjini. Huandika habari mwenyewe, huzisoma, hukata sauti, huchomeka nyaya, hupokea simu, na umeme ukipotea hujua pa kukimbilia. Nyota wa mjini ana mtayarishaji, ana fundi wa mitambo, ana mwandishi wa taarifa, na akiondolewa katikati yao hubaki na lile koo lake. Ndiyo maana tunasema siku za notisi zitumike pia kubisha mlango wa fundi wa mitambo na kumwambia, "Ndugu yangu, nifundishe." Fundi naye huenda yumo katika orodha ile ile, na huenda angependa kumwachia mtu ujuzi wake.

Walimu wa Kiswahili wataniuliza habari ya lugha. Kibera na Kawangware huzungumza Sheng, na idhaa za Nairobi zimeigeuza Sheng kuwa duka. Hatuna ugomvi na Sheng ya mtu anayeeleza maisha yake. Akisema alivyozoea na asikike hivyo hivyo, maana kumsahihisha ni kumfunga mdomo. Ugomvi wetu ni na mtangazaji aliyelipwa miaka mitano kutumia lugha, akaondoka hawezi kuandika aya mbili za Kiswahili sanifu. Huyo kazi ikimponyoka haajiriki shuleni, wala katika shirika la kutafsiri, wala na mchapishaji. Maneno ya Sheng ya mwaka huu mwakani yatakuwa yamechakaa, ilhali mtu anayeweza kumsikiliza kijana wa Kawangware 56 kwa Sheng yake na kumsimulia kwa msikilizaji wa Lamu au Kigoma kwa Kiswahili kinachoeleweka ana kazi popote lugha hii inapozungumzwa.

Najua lipo jibu kali kwa haya yote. Mtu atasema: kwa nini nimtumikie kwa jasho tajiri anayenifukuza? Nina watoto, nina kodi ya nyumba, na wewe mwandishi unaniambia niende nikarekodi treni! Jibu hilo halistahili kubezwa. Kampuni inayotangaza faida kisha ikatoa watu kwa ujumbe wa simu haina haki ya kudai uaminifu wa mtu yeyote. Meneja anayewaficha wafanyakazi hatima yao hadi siku ya mwisho, akidai kwamba wakijua watahujumu kazi, ndiye anayewaibia hata hizo siku 30. Anayehitaji saa zake za mwisho kwa ajili ya kutafuta mkate mwingine na azitumie hivyo bila kuona haya.

Lakini kazi tunayoielezea hapa si ya tajiri. Akitengeneza kipindi kizuri juu ya maji ya mtungi katika Soweto Mashariki, nani anayeuza, kwa bei gani, na bei hupanda siku gani, mwenye kufaidika kwanza ni mkazi wa Soweto Mashariki, wa pili ni mtangazaji mwenyewe. Kampuni itapata sehemu yake, naam, na huenda isiitambue hata ikiona. Ila mwajiri mwingine akimwuliza, "Umefanya nini?", hatajibu kwa kutaja saa za kipindi chake na idadi ya salamu alizosoma.

Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikumbukwa na wengi kwa ile alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi walipomlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Huo ulikuwa mkasa wa siku moja. Kilichomfanya akae katika nyumba za Wakenya ni Je, Huu ni Ungwana?, kipindi alichokianza mwaka 1966 kikadumu kwa miongo mingi. Malighafi yake ilikuwa mambo madogo ya watu wa kawaida: anayeingia bila kubisha hodi, anayetema mate barabarani, anayeongea mdomo umejaa chakula. Mambo kama hayo hayaletwi studioni na wakala wa matangazo. Mtangazaji huyaokota kwa kutembea na kutazama.

Limebaki jambo moja, ambalo huenda likawagusa walimu kuliko yote. Kituo kinapofungwa, sauti zilizorekodiwa huenda wapi? Kwa Sheria ya Hakimiliki, kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake ni mali ya mwajiri, isipokuwa wakiwa wameafikiana vinginevyo. Kwa hiyo mtu asibebe kanda na mafaili gizani kama mwizi. Aandike barua akiwa bado kazini, aombe ruhusa ya maandishi kuhifadhi nakala za vipindi vyake, na nakala nyingine ziende mahali pa umma. Mwajiri anayefunga idhaa hana matumizi makubwa ya mahojiano ya bibi wa Makina. Mara nyingi hukataa kwa sababu tu hakuombwa vizuri, au hakuombwa kabisa, na mwisho wake mitambo huuzwa pamoja na kila kilichokuwa ndani yake.

Mahali pa umma pawe shuleni. Walimu wa sekondari hufundisha fasihi simulizi na utafiti nyanjani. Wanafunzi hukariri kwamba mtafiti hutumia kinasa sauti, kamera, hojaji na mahojiano, huorodhesha faida na hasara za kila kifaa, kisha hupata alama zao bila kushika hata kimojawapo. Wakati huo huo, mtu aliyeshika kinasa sauti kwa miaka kumi anaketi nyumbani mtaa wa pili akisubiri simu. Shule ya Olympic iko Kibera. Kawangware imejaa shule za umma na za watu binafsi. Julai 2018, tingatinga zilipobomoa nyumba za Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong' na Lang'ata, maelfu ya watu waliachwa bila makao na shule kadhaa zikaanguka pamoja na nyumba hizo. Watoto waliosomea humo sasa ni vijana wakubwa. Wapo wanaokumbuka dawati lao lilikuwa upande gani wa darasa. Hiyo ni fasihi simulizi, na ni historia, na hakuna anayeirekodi.

Mwalimu mkuu anayesoma haya anaweza kuandika barua kwa idhaa iliyotangaza kupunguza watu, aombe mtangazaji mmoja aje alasiri mbili kabla ya mwezi wake kwisha, aje na kinasa sauti na fundi mmoja akipatikana. Wanafunzi watayarishe maswali. Waende pamoja hadi kwa mzee mmoja, wamrekodi, warudi darasani wakate, wasikilize, wabishane juu ya kipi kiachwe na kipi kitolewe. Nakala moja ibaki kwa mzee, moja maktabani, moja kwa mtangazaji. Nauli ya matatu kutoka mjini hadi Kawangware si kubwa, na notisi ya mwezi mmoja ina Ijumaa nne.